Koti la Kuficha Tumbo

Jumatano, 6 Agosti 2025. Kabiria.
Shemeji yangu Everlyn anaolewa Jumamosi, Kisumu. Mke wangu Naliaka ana mimba ya miezi saba na basi linamvimbisha miguu. Nikasema: ndege! Odhiambo, aliyeoa dada yao mkubwa, amepanda mara moja tu na hatujapumzika na majigambo yake tangu siku hiyo. Naliaka anataka tumwulize daktari kwanza. Hatari kubwa! Akikataa, je?

Alhamisi, 7 Agosti.
Nimenunua koti la mtumba pale sokoni Adams. Linaweza kuficha pipa. Mpango: Naliaka apite kaunta ya uwanja wa ndege kama mwanamke mnene tu. Ameliangalia koti, kisha akaniangalia mimi.
"Isaiah, huyu mtoto ni wa kufichwa?"
Akaenda kliniki ya Dagoretti Corner peke yake, akarudi na barua. Daktari amempima, mimba iko salama, anaweza kusafiri. Anywe maji mengi, mkanda aufunge chini ya tumbo, na ainuke anyooshe miguu. Hayo yote ningemwambia mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nilimsihi avae koti hata hivyo. Akakataa. Nikalivaa mimi, lisiende bure. Uwanjani joto! Jasho lilinitiririka hadi askari akanitoa kwenye foleni, akanipekua mpaka soksi. Naliaka alionyesha barua yake, akapitishwa mbele kama malkia.

Kisha ndege ikakimbia. Ikaacha ardhi. Mungu wangu! Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nairobi yote, na kelele zake zote, ikawa vipande vya mabati vinavyong'aa. Halafu mawingu. Meupe, mengi, chini yetu! Naliaka akachukua mkono wangu, akauweka tumboni. Mtoto alikuwa anacheza. Huko juu! Hajazaliwa, na tayari amepita mawingu. Nikalia. Mhudumu akauliza kama niko sawa. Nikamwambia ni baridi. Ndani ya koti lile!

Jumapili, 10 Agosti. Kisumu.
Harusi ilikuwa nzuri, nasikia. Mimi kanisani nilikuwa bado angani. Tunarudi kesho, na lazima nione pale rubani anapoketi. Nitamwambia mhudumu kwamba mke wangu ametamani kukaa mbele kabisa, na mwenye mimba akitamani kitu hanyimwi. Atahitaji mtu wa kumsindikiza, bila shaka.
Naliaka bado sijamwambia.