Gudveig Bila-Ngozi Alikabili Begi

Sogezeni viti karibu na jiko, enyi mlioona vita na enyi mliosimuliwa tu, mpate habari za Gudveig binti Sverre, simba jike wa Sunnmøre, nchi ya milima na theluji huko Norwe, asubuhi ile alipolikabili begi lake la mgongoni.

Maana jina lake lilikuwa limechafuka. Pasaka iliyopita yeye na mdogo wake Solfrid walifika hadi chini ya mlima, wakavaa viatu, wakashusha skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ndipo akagundua kuwa zile ngozi, kanda zenye gundi zinazobandikwa chini ya skii ili mtu apande theluji bila kurudi nyuma, zimebaki nyumbani zikining'inia bafuni. Tangu siku ile bonde zima likamwita Gudveig Bila-Ngozi, hata muuza samaki, hata mchungaji wa kanisa.

Sasa Pasaka imerudi, naye Solfrid ameapa: dada akisahau tena, yeye ataandamana na Oddny jirani, mwaka huu na miaka yote.

Basi shujaa akajifunga kibwebwe. Akalitwaa koleo la theluji; akaitwaa fimbo ndefu ya kuwatafutia waliofukiwa na maporomoko ya theluji; akaliingiza jeshi la machungwa, mikate ya jibini ya kahawia, na chupa ya kahawa iliyo moto kama ghadhabu ya mfalme. Begi likagoma kufungika. Akalikandamiza kwa goti, akaivuta zipu, zipu ikamng'ata kidole, akaivuta tena, hata ikasalimu amri ikilia kriiii.

Nje honi ya gari la Solfrid ikajibu.

"Dada! Theluji inayeyuka huku! Ngozi unazo?"

Gudveig akatia mkono mfuko wa pembeni. Patupu. Moyo ukamshuka hadi kwenye soksi. Akalifumua begi, machungwa yakatawanyika kama askari waliokimbia vita. Akapekua bafuni, kabatini, hata nyuma ya jiko.

"Bila-Ngozi weee!" Solfrid akaimba kwenye dirisha la gari. "Nimpigie Oddny?"

"Mpigie na mama yake!" Gudveig akanguruma, lakini sauti ilikuwa na machozi.

Hapo mumewe Asbjørn, mtu wa maneno machache, akaweka kikombe mezani. "Mke wangu, hilo tumbo umelipata lini?"

Gudveig akajishika tumbo. Chini ya sweta ngozi zilikuwa zimelala zikiota joto, gundi isije ikagoma kwa baridi, kama marehemu mama yake alivyomfundisha. Alizitia hapo alfajiri, kabla ya kitu kingine chochote, ili asizisahau.

Akatoka. Akasimama kizingitini, akapandisha sweta mbele ya majirani na milima.

"Solfrid binti Sverre! Tazama kwa macho yako, kisha useme nikusikie!"

Solfrid akacheka hadi kofia ikamdondoka. Akashuka garini, akamwinamia dada yake mpaka nywele zikagusa theluji.

"Yaishe, dada. Panda kiti cha mbele, Gudveig Mwenye Ngozi."

Walichelewa kuondoka, maana machungwa yalikuwa yametapakaa hadi chini ya kochi. Lakini bondeni, tangu hapo, zama ni mbili tu: kabla ya sweta kupandishwa, na baada yake.