Mwalimu Noh Aondolewe Klabuni Kabla Hajatuharibu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Go ya Mtaa wa Alder, Tacoma.

Ndugu Mwenyekiti Prentiss,

Natumaini goti lako linaendelea vizuri. Mimi goti ni zima, ila roho ndiyo inaniuma, na anayeniuma umemwajiri wewe.

Jumapili tutapiga kura kama Mwalimu Noh Yeon-ju, mchezaji wa kulipwa wa mchezo wetu huu wa kuzingirana kwa mawe ubaoni, tuliyemleta kutoka Seoul, aongezewe mwaka mwingine. Naomba kwa heshima zote arudishwe kwao. Mimi ni bingwa wa klabu hii mwaka wa ishirini na mbili sasa, kwa hiyo suala la wivu halipo. Sababu zangu ni hizi:

1. Ananishinda. Najua utasema ndiyo kazi yake. Lakini siku ya kwanza alinitanguliza mawe tisa, yaani tisa yangu meusi yalishakaa ubaoni kabla yeye hajaweka hata moja jeupe, na bado alinimaliza huku akimenya chungwa. Chungwa, Mwenyekiti! Tena akanigawia.

2. Kumbukumbu yake haina adabu. Zamani mchezo ukiisha tulizoa mawe haraka, tukatia bakulini, kila mtu akaenda kwake na maelezo yake. Huyu anaupanga upya wote, jiwe kwa jiwe, mbele za watu. Akifika la arobaini na tatu ananiuliza kwa upole, "Bwana Harlan, hapa ulikuwa unawaza nini?" Nilikuwa siwazi kitu! Na Delphine, yule mfamasia aliyeanza kujifunza mwaka jana tu, kasimama nyuma yangu: "Sema basi, bingwa, mbona kimya?"

3. Amewafundisha watu kukata tamaa. Eti ukiona mambo yamekwisha, unaweka mawe mawili ubaoni, unainamisha kichwa, unasema "nimeshindwa". Mimi nacheza mpaka ubao ujae, na ukijaa nahesabu mara tatu. Miaka yote hiyo sijashindwa hata siku moja: mara nilikuwa na mafua, mara kiti kilikuwa kinayumba. Sasa nasikia kiti kimetengenezwa. Nani aliagiza?

4. Hili ndilo kubwa. Mwezi Mei tulijaza magari matatu kwenda kumshangilia kwenye mashindano ya Oregon. Fainali akapigwa na mchezaji mwenzake wa kulipwa kutoka California. Nikasema, haya, leo tutamjua. Wapi! Aliketi na aliyemshinda, wakaurudia mchezo saa mbili nzima, naye anatuonyesha kwa kidole: "Hapa niliingiwa na tamaa. Hapa niliogopa." Kwa sauti, mbele ya wanafunzi wake! Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Na ugonjwa umeshaenea. Wiki iliyopita wanachama sita walikiri makosa yao kwa siku moja. Mke wangu Lorna kazipata habari hizi, akaniambia tukiwa mezani, "Harlan, kumbe hata wewe unaweza kukosea?" Leo ni wacheza Go, kesho mapadri, keshokutwa maseneta. Nchi hii itasimama kwa nguzo gani?

Naomba basi aagwe vizuri, kwa keki, na ubingwa ubaki ulipo.

Nisalimie Bi. Prentiss, mbwa wenu, na kamati nzima isipokuwa Delphine.

Ni mimi, mwenye kuonewa,
Harlan Dubicki, Bingwa

Tanbihi: Barua hii niliileta klabuni leo mchana, nikamkuta Delphine peke yake. Tukacheza, bila kumtanguliza hata jiwe moja. Katikati nikaona kundi langu kubwa limezingirwa, halina pa kupumulia. Nilitafuta la kusingizia nikakosa. Nikainamisha kichwa, nikalisema lile neno. Nilijua atanicheka mpaka Krismasi. Hakucheka. Alisema, "Kaa hapo hapo, Harlan, tuangalie wote ulipopotea." Tuliangalia mpaka mfagizi akatutoa, na Mwenyekiti, nilifurahi, sikufichi, nilifurahi kuliko ushindi wangu wowote. Kura yangu Jumapili ni Mwalimu abaki. Na lile neno la mwisho kwenye sahihi yangu, tafadhali likate wewe; mimi nimejaribu mara mbili, mkono unagoma.