Nyumba Nambari Tisa Haina Mtu

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Bima wamekataa! Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Haikubadilika. Wanasema nyumba yangu ya Murera ilikaa bila mtu zaidi ya siku thelathini kabla ya kuvunjwa na wahuni, na kwa mkataba wao nyumba iliyoachwa hivyo hailipwi. Madirisha kumi na moja! Milango miwili, sinki, choo. Ukutani sebuleni mtu amechora kitu kwa rangi nyekundu, sijui ni ng'ombe au ni mimi.

Mama hajui. Aliuza shamba lake la Gatundu ili ile nyumba isimame, na sasa yuko Kiuu, chumba kimoja cha kupanga, mizigo imefungwa, akingoja nimhamishe. Mwezi wa saba nilimwambia rangi haijakauka. Mwezi wa nane nikasingizia stima haijaunganishwa. Leo amepiga simu tena, nikamwambia fundi wa vigae ameenda harusi. Akasema sawa, Bedan, harusi ni kitu kizuri. Niliona aibu. Nikanywa chai, ikapungua kidogo.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Mke wangu Wamboi amesema niache kuzungukazunguka hapa Makongeni kama kuku aliyefukuzwa, niende kwa wakili. Nimeenda. Anaitwa Wakili Nekoye, ofisi iko juu ya duka la dawa za mifugo, karibu na mahakama ya Thika. Ni mdogo kwa umri lakini anamtazama mtu kama mama mkwe.

Akauliza bima walijuaje nyumba haina mtu. Nikasema ni majirani, watu wa wivu. Akafungua ukurasa wa pili wa ile barua. Mimi sikujua kuna ukurasa wa pili. Ni nakala ya barua nyingine, na sahihi ni yangu!

Niliiandika mwezi wa tatu, kwa Mama Ndunge, chairlady wa wakazi wa Murera. Alikuwa anadai kila nyumba itoe mchango wa soja wa geti. Nikamjibu rasmi: nyumba nambari tisa haina mtu, haijawahi kuwa na mtu, na haitakuwa na mtu hivi karibuni, kwa hivyo hakuna wa kulindwa. Niliipenda sana barua ile. Niliipiga hata muhuri. Nekoye aliisoma kwa sauti, kisha akairudia, na mara ya pili karani wake alikuwa ameacha kuchapa ili asikie.

Lakini si mwisho wa dunia. Anasema ikiwa kuna mtu yeyote alilala mle ndani katika siku zile thelathini, hata usiku mmoja, hesabu yao inavunjika na tuna kesi. Akauliza kama yupo. Nikasema nitamtafuta. Akasema hapana! Nisitafute mtu, nisiguse kitu, nisiandike chochote bila kumwonyesha. Kazi yangu ni kukaa. Nimeahidi.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Kukaa kumenishinda. Hata hivyo, kwa nini nitafute mtu aliyelala huko wakati mimi mwenyewe ningeweza kuwa nimelala huko?

Nimeenda Murera na sufuria, taulo, kalenda na viatu vya Wamboi vya kanisa. Nimevipanga vizuri. Shida ni vile vitu vya wahuni waliovunja. Niliviona tangu siku ya kwanza na nikaviandika kwenye fomu ya bima: wahalifu walilala stoo na kupika. Mkeka, blanketi la zambarau, jiko dogo la makaa, majivu. Vioo vyote wamevifagia na kuvirundika kona moja. Wahalifu wasafi, hilo lazima nikubali.

Nimetupa mkeka na majivu. Jiko nimempa mama mboga wa njiani. Blanketi nimempa Mulei, soja wa geti, ili anipende. Mulei aliligeuza, akaligeuza tena, akaniuliza, "Mkubwa, uko sure unanipatia hii?" Nikamwambia mimi ndivyo nilivyo, mkono wazi. Hakucheka.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Nimekosa usingizi kwa sababu ya kitabu cha geti. Kila anayeingia kwa miguu anaandikwa: jina, nyumba, saa. Bima wakikiomba wataona Bedan hayumo tangu Pasaka mpaka nyumba ilipovunjwa.

Asubuhi nimemtuma Mulei maandazi, nikaingiza kitabu ndani ya koti. Nia ilikuwa kujiandika kwenye mistari iliyobaki. Hakuna mstari uliobaki! Mulei anabananisha maandishi kama anayelipia karatasi. Nimepitia kurasa zote za siku zile nikitafuta jina langu. Hakuna Bedan. Majina mengine sikusoma, ya nini?

Basi, kama kitabu hakinisaidii, kisiwasaidie wao. Nimekichoma kwenye jiko la Wamboi nyuma ya nyumba. Jalada lilikuwa na plastiki. Wamboi akauliza hiyo ni harufu ya nini. Nikasema risiti za zamani. Tumekula githeri yenye ladha ya jalada, na kila kijiko kimenitia aibu.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Baada ya kanisa nimempelekea Mama sukari, Kiuu. Nimemkuta amekaa juu ya boksi la vyombo kwa sababu viti amevifunga tayari kwa safari. Amevaa sweta mbili. Nikamuuliza blanketi lake liko wapi. Akasema aliliacha mahali.

Nikamkemea! Mtu mzima anapotezaje blanketi na baridi hii? Akasema, "Ni kweli, Bedan. Mtu mzima hupoteza vitu." Akaniuliza kama nina jambo la kumwambia. Nikamwambia fundi wa vigae bado yuko kwa harusi. Akauliza ni harusi gani ya wiki nzima. Nikasema ni watu wa mbali.

Njiani nimejichukia kutoka Kiuu mpaka Makongeni. Lakini ningemwambia nini? Shamba alilorithi kwa babake limekuwa vioo kwenye kona?

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Siku ya aibu kuliko zote. Ningepasua ukurasa huu kama Wamboi asingekuwa ameketi hapa ananitazama nikiandika.

Nekoye aliniita ofisini. Nikafungua mlango nikakuta Mama Ndunge, Mulei akiwa na sare yake, Wamboi, na kwenye kiti cha mbele, Mama. Magotini mwa Mama, blanketi la zambarau.

Mulei hakubaki na blanketi nililompa. Alilipeleka kwa chairlady, chairlady akampigia Mama, Mama akampigia Wamboi. Wanajuana wote! Wamboi ndiye aliyempa Mama ufunguo, tangu mwaka jana. Kila Ijumaa Mama alitoka Kiuu na jiko lake dogo la makaa, akalala Murera mpaka Jumapili. Anasema nyumba mpya haiachwi baridi, mwenyewe anaiwashia moto kwanza, aizoee na imzoee. Alikuwa akiniwashia nyumba.

Alilala huko kwa mara ya mwisho siku kumi na mbili kabla ya kuvunjwa. Kisha kifua kikambana, akakaa Kiuu. Kumi na mbili! Mtu niliyekatazwa kumtafuta alikuwa ndiye yeye.

Nikauliza, kwa hivyo alijua imevunjwa? Akasema alijua wiki ileile. Siku niliyomwambia kwa simu kwamba rangi haijakauka, alikuwa amesimama sebuleni na ufagio, anafagia vioo. Nikauliza mbona hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Sikupata pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye blanketi. Wamboi akasema, kama nilikuwa nashangaa, hilo ndilo blanketi nililompa Mama Krismasi. Kweli nilimpa. Wamboi alilinunua, mimi niliandika kadi.

Nekoye akasema kilichobaki ni rahisi, kitabu cha geti, maana kila Ijumaa kimeandikwa Waruguru, yaani Mama, nyumba nambari tisa. Mulei akasema kitabu kimepotea tangu Jumamosi. Wamboi akanigeukia. Akasema polepole, "Risiti za zamani."

Karani alitoka nje. Nilimsikia akicheka kwenye ngazi.

Aliyeniokoa ni Mama Ndunge. Kila mwisho wa mwezi hupiga picha kurasa zote na kuziweka kwenye grupu ya wakazi. Mimi sikuziona kwa sababu nilijitoa mwezi wa tatu, baada ya kuwaachia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Akasema bado wanao. Wengine huusikiliza wakiwa na huzuni.

Nekoye ameandaa hati mbili za kiapo, ya Mama na yangu. Nimeapa yote: kwamba wahalifu wangu wa stoo walikuwa mama yangu, kwamba kitabu nilikichoma mimi. Anasema uongo wangu ulikaribia kuua haki yetu, na bado bima wanaweza kuutumia. Nimemwambia Mama samahani. Sauti ilitoka ndogo sana. Akakunja blanketi, akasema, "Nimekusikia. Sasa nirudishe kwangu."

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Bima wamekubali! Barua ya Nekoye, kiapo cha Mama na picha za Mama Ndunge vimewashinda. Watalipa madirisha, milango, sinki na choo. Nekoye ameniambia tena nisiandike kitu chochote kwa mtu yeyote bila kumwonyesha. Nimesoma barua yao yote. Kurasa zote mbili!

Jumamosi, tarehe 1 Novemba

Mama amehamia Murera. Majirani wamekuja, mchungaji ameomba, Mama amewasha jiko la kwanza na watu wakapiga makofi. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango. Niliombwa niseme neno, nikasimama nikakusudia kuomba msamaha mbele ya watu. Badala yake nikajisikia nikieleza kwamba kumlaza Mama hapa lilikuwa wazo langu tangu mwanzo, mambo ya kisheria. Mama akakohoa. Nikawaambia ni kile kifua.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mama Ndunge hana aibu! Juzi amekunywa chai yetu, leo ametuma notisi: mchango wa soja, nyumba nambari tisa nayo imo, kuanzia mwezi huu.

Nimemjibu rasmi. Nyumba nambari tisa haina mtu. Aliyemo ni mama yangu, ambaye ni mzee, halali usingizi mzito, na kwa hivyo anajilinda mwenyewe. Nimepiga muhuri. Nekoye sikumwonyesha, haya si mambo ya bima. Nikaenda Murera, nikampa Mama bahasha aipeleke jioni kwa chairlady. Hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa mezani. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema sawa, Bedan.

Nimerudi Makongeni. Wamboi ananingoja na simu mkononi. Mama amepiga. Anauliza hivi: kama nyumba haina mtu, Jumapili nikija kula chapati, nani atanifungulia mlango?

Aibu imenipanda mpaka masikioni. Nimekaa nayo dakika tano nzima. Kisha nimemtumia jibu: aache ufunguo kwa soja.