Betri Nne za Bi Dobi

Profesa Waya hakuwa profesa, na nyaya alizijua kwa kiasi cha kutopigwa shoti tu. Alichokijua ni watu. Siku alipopita mbele ya duka la dobi akaona paneli za sola juu ya paa, mapipa ya maji uani na, nyuma ya mlango, betri nne kubwa ambazo hazijatimiza mwaka, alisimama akajifuta jasho akaingia.

"Shikamoo mama. Pampu na betri zinagombania jua, sivyo?"

"Marahaba. Zinagombana kama wake wenza," alisema Bi Dobi, mjane aliyetia mafao yake yote ya kustaafu kwenye zile betri. Jua likizama, mashine za kufulia zilizitegemea hizo. Bila hizo angefunga duka. "Kutwa nageuza swichi kwa mkono, mwanangu."

"Basi nikufungie rilei, swichi ya umeme. Inajigeuza yenyewe. Betri zikijaa, umeme unaenda kwenye pampu. Zikipungua, unarudi kwenye betri."

Maelezo yalikuwa sahihi kabisa, maana mwongo mzuri hufungua mkutano kwa ukweli. Ila alivyoifunga yeye, rilei iligeukia pampu jua lilipochomoza, ikaing'ang'ania hadi jioni. Betri hazikuonja kitu. Mpango ulikuwa arudi baada ya siku nne na mita yake, atangaze msiba, aondoke na marehemu, kisha awachaji na kuwauza wakiwa wazima.

Kosa lake ni kutouliza Bi Dobi alistaafu kazi gani. Miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa mitambo ya simu za zamani, ukumbi mzima wa rilei zikigonga ta, ta, ta, naye rilei iliyougua aliijua kwa sikio. Siku ya kwanza alisikia "ta!" moja asubuhi. Akangoja ya pili huku akipiga pasi. Ikaja jua likizama.

"Huyu kijana anaziua betri zangu kwa njaa," alimwambia shemeji yake wa gereji ya jirani. Alikuwa na hasira hata akaunguza kola ya mteja. Kisha akaanza kucheka. "Shemeji, zile betri zako zilizokufa, za aina hii hii, bado unazo?"

Siku ya nne Profesa alifika na mkokoteni wa kukodi na uso wa matanga. Akapima ya kwanza, akapima zote. Sifuri. Alitarajia sifuri, akapata sifuri, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mita haina namna ya kumwambia mtu kama betri ina njaa au imeshazikwa.

"Pole mama. Zimekufa."

"Uuwi! Zote?"

"Zote. Nitakuondolea, maana zina asidi. Nitakuachia na chochote cha kukufariji."

Bi Dobi alilia vizuri sana, mpaka chochote kikawa mara tatu ya kilichokusudiwa. Akapangusa machozi kwa taulo la mteja. "Na kabla hujaenda, hamisha waya huu hapa, na ule kule. Nakuomba tu, unifurahishe bibi yako." Profesa, mwenye haraka zake, akahamisha bila kujua alichohamisha. Rilei ikaanza kufanya kazi aliyoihubiri.

Betri alizichaji siku mbili, zikakataa. Mnunuzi aliinua moja, akaitikisa, akamcheka mbele za watu. Profesa akarudi mbio kwa dobi, akakuta mashine zinanguruma, pampu inavuta maji, na nyuma ya mlango betri nne zinang'aa.

"Mama!" alifoka. "Zile betri ulizonipa zimekufa!"

Wateja wakageuka. Bi Dobi akaweka pasi chini taratibu.

"Kwani fundi, si wewe uliyenipa taarifa ya msiba?"

Profesa akawatazama wateja. Kuanza kueleza kungekuwa kukiri. Ukutani rilei ikagonga "ta!", pampu ikanyamaza.

"Umesikia hiyo?" Bi Dobi alimsogezea kiti. "Nafundisha kufunga rilei, kila Jumamosi. Ada inalipwa kwanza."