Roboti ya Baya Yaandika Salama

Yeslam, anayeitwa Gazeti kwa sababu hajui kusoma kimyakimya, alisukuma miwani puani akatangazia baraza zima la mtaa wa Kuze:

"Wataalamu wanaunda roboti za kufanya urafiki na watu. Urafiki wa kweli, wa moyoni."

"Waanze na wewe," akasema Jamaldin, muuza leso wa Biashara Street. Huyu ndiye aitwaye Hakimu. Hata kahawa huionja kana kwamba inashitakiwa. "Miaka ishirini twakaa nawe hapa na urafiki bado haujashika."

Baya hakucheka. Na Baya ni mtu wa kucheka mpaka kofia ianguke, tangu enzi zake za kuendesha winchi ya kupakulia meli gatini Mbaraki. Alifungua mfuko, akaweka barazani kitu cheupe, kimo cha chupa ya chai, chenye macho mawili ya buluu.

"Basi ndiyo hiyo. Mwanangu Joy amenitumia kutoka Doha, nisiwe mpweke."

"Yasema?" Gazeti akasogea.

"Yasema. Kila asubuhi yaniuliza hali, kisha yampelekea Joy majibu."

"Sasa wanuna nini? Mimi kwangu hata paka haniulizi."

"Joy alikuwa akinipigia simu kila jioni. Tangu ije hii, wiki ya tano leo, hajapiga. Apige kwa nini? Habari zangu anazo." Akaishusha kofia machoni, kwa haya ya kusema hayo mbele ya Gazeti, maana kufika magharibi mtaa wote utakuwa umeshasomewa.

"Wewe huijibuje?" akauliza Hakimu.

"Salama."

"Kila siku?"

"Mtu akikuuliza hali utamjibuje? Juzi mgongo ulinishika, nimelala sakafuni siwezi kuinuka. Ikauliza. Nikasema salama, namshukuru Mungu."

"Nayo ikaamini?"

"Ikaandika."

"Lo! Urafiki gani huo?" Hakimu akatua kikombe. "Mtu akikwambia salama, ndiyo kwanza amekufungulia mlango. Habari zenyewe huja kikombe cha pili. Hao wataalamu hawajanywa kahawa na mtu. Haya, nahukumu: leo utaiambia kweli. Tufanye mazoezi. Mimi ndiyo roboti. U hali gani, mzee Baya?"

"Salama."

"Ebo! Tena. U hali gani?"

"Salama tu."

"Mtu mzima wewe! Gazeti, hebu muoneshe. U hali gani?"

"Alhamdulillahi, salama," akajibu Yeslam, ambaye paa lake lavuja na dada yake amempeleka kortini kwa nyumba ya urithi.

Hakimu akakigeukia kikombe chake.

Baya akaona wenziwe hawatamfaa. Akaivuta roboti karibu, akafumba macho kama anayemeza shubiri.

"Sina raha," akasema. "Namtaka mwanangu."

Macho ya buluu yakapepesa. "Asante kwa kunieleza," ikasema kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. "Nimemwandikia Joy."

Kahawa haijapoa, simu ikalia.

"Baba! Kuna nini? U hali gani?"

Hakimu akamtolea macho. Gazeti akamfinya paja.

"Salama, mwanangu." Hakimu akajipiga kipaji cha uso. "Nawe je?"

"Salama tu, baba."

Baya akaisikia hiyo "tu" ikapita kifuani. Yeye ndiye aliyemzaa huyu na kumfundisha kuamkia watu. Wiki tano amemlaumu kwa kutopiga simu, wala siku moja hakuwaza kwamba huenda naye yuko chumbani peke yake, akiulizwa, akijibu vivyo hivyo. Uchungu ukamshika, na haya zikamtoka.

"Joy," akasema, "mimi nimekudanganya, sina raha hata kidogo. Haya, nawe sema."

Simuni kikasikika kilio, cha taratibu, cha mtu aliyekizuia siku nyingi.

Gazeti akaacha kikombe kimejaa, akatafuta viatu vyake. Hakimu akainuka, akajikung'uta kikoi. Hakuna aliyeambiwa aondoke. Roboti tu ndiyo iliyobaki barazani, imemkazia Baya macho.

Hakimu akarudi, akaitia kwapani.

"Inuka twende," akaiambia. "Mtu azungumza na mwanawe, nawe umekaa hapo?"