Tembo wa Prisca

Jumatatu, 8 Juni
Ukungu tangu asubuhi. Picha zetu zimeshatundikwa kwenye ghala la zamani la kahawa hapa Akheri, ambalo sasa ni ukumbi wa sanaa wa kijiji. Maonyesho ni Jumamosi. Tuliambiwa tuchore kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mimi nimechora Mlima Meru umevua wingu lake kama kilemba na unalifua. Picha yangu iko wapi? Nyuma ya mizani ya kupimia kahawa! Ya Prisca wa darasani kwetu, tembo mwenye mabawa, iko mlangoni kabisa.

Hili ni janga. Baba anakuja. Tangu ahamie Moshono hajapanda huku, na yeye si mtu wa kuingia ndani. Kanisani hukaa benchi la mwisho. Mikutano ya shule huisikiliza akiwa mlangoni, simu ikilia ameondoka. Asichokiona kutoka mlangoni hakioni.

Jumanne, 9 Juni
Nimefagia ghala lote bila kuambiwa. Kisha nikamwamkia Mwalimu Elisaria kwa adabu na kumwomba nafasi ya mlangoni. Akasema picha zimepangwa kwa kufuata zilivyotangulia kuletwa, na yangu ililetwa ya mwisho. Kweli. Nilikuwa naongeza povu la sabuni. Akanishukuru kwa kufagia, akanionyesha na choo. Nimefagia na choo.

Prisca akapita akisema mlima wangu umejificha nyuma ya mizani kwa sababu nguo zake hazijakauka. Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 11 Juni
Nimepata mpango! Bibi anasema hapa kwetu mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Basi naomba msamaha kwanza, kosa baadaye! Nimekata jani uani, nikampelekea Prisca kwa mikono miwili. Akauliza kosa gani. Nikasema makosa kwa jumla.

Akalia! Akasema hata yeye nimsamehe, kwa kuwa ndiye aliyewaambia wenzetu kwamba Baba ametukimbia. Sikujua kuwa ni yeye. Akanivunjia nusu ya muwa wake. Sasa ni rafiki yangu. Mambo yameharibika.

Ijumaa, 12 Juni
Nimebadilisha picha asubuhi, Babu Yiamat mlinzi akiwa anakunywa chai. Yangu mlangoni, tembo nyuma ya mizani. Moyo uliniuma kidogo. Lakini msamaha umeshatolewa na jani limeshakatwa. Nisipokosa, vyote vitakuwa vimepotea bure.

Jumamosi, 13 Juni
Nimefika na Mama saa nne. Mlangoni: tembo!

Nikamkimbilia Babu Yiamat. Shikamoo nikaisahau. Akasema yeye alitumwa tu. Jana jioni Prisca alimwomba Mwalimu nafasi yake nipewe mimi, kwa sababu baba yangu anakuja. Mwalimu akakubali. Prisca alikuwa anawahi nyumbani kukata majani ya ng'ombe, hivyo akamwachia Babu maagizo: ya mlangoni iende nyuma ya mizani, ya nyuma ya mizani ije mlangoni. Babu akafanya vilevile.

Kabla sijagusa picha, Baba akatokea. Akasimama mlangoni. Akamtazama tembo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu changu chochote. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Susana mwanangu, huyu tembo umemweza."

Nilitaka kusema wangu ni mlima. Simu yake ikaanza kulia. Nikasema asante, Baba.

Akaondoka. Nikageuka. Prisca alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akasema, "Mlango nimekupa. Na tembo pia unamtaka?"

Jumapili, 14 Juni
Ibadani Prisca amekaa mbali. Mvua ndogondogo, baridi kali.

Mchana Baba ametuma ujumbe kwenye simu ya Mama. Anataka nimchoree tembo mwingine, ambandike kwenye karakana yake Moshono. Atamfuata mwenyewe mwezi ujao. Mwenyewe!

Mama ameniambia nimweleze Baba ukweli, na nikamwombe Prisca msamaha wa kweli. Nimesema ndiyo, Mama. Kisha nimefunga mlango na kuanza kujifunza tembo. Masikio yanakubali. Miguu bado inafanana na ya ng'ombe, lakini mwezi una siku nyingi.