Bwana Tillery Alinganisha Redio za Setilaiti

"Hivi, Verna, mtu mwenye akili zake atalipa pesa kila mwezi ili asikilize redio?"

Hilo ndilo swali ambalo Bi Opal, jirani yake Verna Kolterman, alimuuliza siku Duane, mumewe Verna, alipobandika dirishani pa duka lake tangazo la redio za setilaiti za gari. Verna alikuwa anaanika shuka. Alikuwa na kibanio mdomoni, akakitoa.

"Atalipa," akasema. "Mradi umwambie jirani yake ameshaanza kulipa."

Harlan Fork, Nebraska, ni mji mdogo. Una ghala refu la nafaka, makanisa yanayotosha, na wakati ule ulikuwa na maduka mawili ya redio za gari, yakitazamana pande mbili za uwanja wa mahakama kama majogoo. Duane Kolterman aliuza redio za kampuni ya Starlane. Ng'ambo yake, Merle Stahlnecker aliuza za Bluedome. Redio ya kampuni hii haikushika matangazo ya kampuni ile, kwa hiyo mwenye gari alilazimika kuchagua.

Merle ni kaka yake Verna, tumbo moja. Kwa hiyo yeye na Duane ni mashemeji, lakini hawakusemeshana. Ugomvi ulianzia kwenye maonyesho ya kaunti, nguruwe wa Duane aliposhika nafasi ya pili na mwamuzi akawa Merle.

Katika hali hiyo ya amani ndipo Royce Tillery alipoingia mjini na Buick kuukuu, suti ya kijivu, na meno ambayo hata daktari aliyeyatengeneza angejisifu kwayo. Alikuwa anapita tu. Watu wa kazi yake huwa wanapita tu. Ni sisi tunaowasimamisha.

Alikaa mkahawani, akaagiza bakuli la chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, akafungua gazeti la mji. Ukurasa mmoja ulikuwa na matangazo mawili. La juu lilisema: BLUEDOME INAKATIKA CHINI YA KILA DARAJA. JE, UNA SAFARI ISIYO NA DARAJA? NJOO KWA KOLTERMAN. La chini likajibu: STARLANE INAZIMIKA NYUMA YA KILA KILIMA, NA MUNGU ALIUMBA VILIMA VINGI. NJOO KWA STAHLNECKER.

"Dada," Royce akamwita mhudumu, "hawa wawili wanaelewana?"

"Hawa? Hawajapeana hata habari za asubuhi tangu mambo ya nguruwe."

"Hata salamu?"

"Mmoja akipiga chafya mwenzake anageukia ukutani."

Royce akaweka kijiko chini, akafumba macho, uso ukatulia kama wa mtu aliyetoka kupokea meza ya Bwana. Kisha akaomba kahawa nyingine.

Alianza kwa Duane.

"Naitwa Tillery, wa kampuni ya malori ya Prairie Crown. Tuna malori mia tatu. Bosi anataka kila lori liwe na redio ya setilaiti, madereva wasisinzie. Nimetumwa nilinganishe huduma hizi mbili. Itakayoshinda, duka linaloiuza ndilo litakalofunga malori yote."

Duane akaishika kaunta kwa mikono miwili. "Unalinganishaje?"

"Kwa haki," Royce akasema kwa huzuni, kama anayetaja ugonjwa alionao. "Nafungiwa redio zote mbili kwenye gari langu. Naendesha barabara moja, nasikiliza ni ipi inakatika sana."

"Barabara gani?"

"Bado sijaamua."

Basi Duane alizijua barabara za kule na aliijua anga yake. Setilaiti za Starlane zilikaa chini upande wa kusini. Kwenye barabara ya mfereji, ambako kusini ni mashamba matupu, Starlane iliimba bila kupumua, na Bluedome ikameza maneno chini ya kila daraja la reli. Lakini kwenye barabara ya vilimani, vilima vikiwa upande wa kusini, Starlane ilikuwa bubu, na Bluedome, ambayo setilaiti zake zilipita utosini, ilijisemea itakavyo.

"Ile ya mfereji ni nzuri," akasema Duane. "Ina mandhari."

"Bwana Kolterman, mimi kuchaguliwa barabara ni jambo linalogusa dhamiri yangu."

"Dhamiri yako inaguswa kwa kiasi gani?"

"Dola elfu moja. Na haipokei hundi."

Duane hakuwa na elfu moja mkononi. Lakini nyumbani, kwenye kabati la jikoni, kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo zilikuwamo pesa za kutengenezea kinanda cha kanisa. Mweka hazina wa kinanda alikuwa Verna. Duane alijiambia kwamba anakopa. Alijiambia mara kadhaa njiani, na kila mara alijiamini kidogo zaidi.

Kabla jua halijazama Royce alikuwa ng'ambo kwa Merle, na malori yale yale mia tatu.

"Barabara ya vilimani," akasema Merle, hata hajaulizwa. "Nani atapita kwenye mfereji? Kuna mbu."

"Mwenzako wa pale amenionyesha ukarimu, Bwana Stahlnecker."

"Amekupa nini, yule bahili?"

"Siwezi kutoa siri ya mtu. Mimi ni mwamuzi."

Merle akatoa elfu moja na mia mbili.

Royce angeweza kuondoka siku ile ile, Ijumaa. Redio mbili zilishafungwa kwenye Buick yake bure, ingawa hakuziwasha hata mara moja. Alikuwa na kanda zake za muziki. Lakini ng'ombe aliyetoa maziwa hivi, akaona, ni dhambi kutomkamua tena. Akawaambia wote wawili kwamba safari ya kulinganisha ni Jumatatu mchana, akaenda kulala motelini akiwaza namna ya kuwaomba nyongeza kidogo.

Sasa kuna jambo ambalo yule mhudumu hakumwambia, kwa sababu hakuulizwa. Kila Jumapili baada ya ibada, Duane na Merle walikula meza moja, nyumbani kwa Verna. Mama yake Verna aliwaapisha hivyo kabla hajafa. Aliwaapisha kula pamoja, kusemeshana alisahau. Kwa hiyo Verna alikaa katikati, na maneno yote yakapitia kwake.

"Verna," akasema Merle Jumapili hiyo, "mwambie mumeo anisogezee viazi."

"Verna, mwambie kaka yako ana mikono."

Verna akasogeza viazi.

"Na umwambie asishtuke mwezi ujao akiniona na boti," Merle akaongeza.

"Muulize ataiegesha wapi, maana mwezi ujao duka lake nitakuwa nimelinunua mimi."

"Kwa pesa gani? Za nguruwe?"

"Mwambie za malori. Malori mia tatu."

Uma wa Merle ukasimama hewani. "Verna. Muulize malori ya nani."

"Ya Bwana Tillery. Na umwambie barabara ya mfereji ina mandhari mazuri sana."

"Ya mfereji? Mwambie barabara ni ya vilimani! Nimeilipia!"

Verna akaweka kisu chini. Alimtazama kaka yake, akamtazama mumewe.

"Wewe umelipia ya vilimani," akasema polepole. "Na wewe umelipia ya mfereji. Kwa pesa gani, Duane?"

Duane akavitazama viazi. Viazi havikumsaidia.

Verna akaenda jikoni. Walisikia kabati likifunguliwa, kisha kifuniko cha bati. Akarudi na kopo, akaligeuza juu ya kitambaa cha meza. Halikutoa kitu.

"Jumatano fundi wa kinanda anakuja," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha. "Tangu nikiwa bibi harusi nashika pesa za kanisa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza ziko wapi. Unajua kwa nini hawakuuliza, Duane? Kwa sababu walijua."

"Tumwite Lyle," akasema Merle. Lyle Brandt ndiye naibu wa sherifu wa kaunti.

"Lyle atauliza pesa zilitoka wapi. Na mke wa Lyle yuko kwaya." Verna akakaa. "Zile redio mlizorudishiwa na wakulima, bado mnazo stoo?"

Walikuwa nazo, wote wawili, hadi darini. Wakulima walinunua kwa sababu ya jirani, wakachoka kulipa, wakarudisha. Tena redio ya namna hii usipoilipia haifi. Inawaka taa zake zote, inabakiwa na kituo kimoja tu, kile cha kampuni: muziki mtamu, kisha sauti ya binti inakukaribisha na kukutajia namba ya simu. Ukiipiga unaambiwa ulipe kwanza deni la mwenye redio wa zamani.

"Zipakieni kwenye pikapu yangu," akasema Verna. "Mkiwa mnapakia, msiniulize kitu."

Jumatatu asubuhi Royce alifungua mlango wa chumba chake cha moteli, akamwona mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kanisani.

"Mimi ni Verna Kolterman."

"Mke wa..." Tabasamu la Royce likaanza kuondoka.

"Wa Duane, ndiyo. Nimemwambia asiniulize nakwenda kufanya nini." Tabasamu likarudi kabla halijafika mbali. "Nina redio kwenye pikapu. Za Starlane na za Bluedome. Wewe ndiye unayezilinganisha, bila shaka unazijua kuliko mimi. Mpya, dukani kwetu, ni dola mia na hamsini."

Royce akatazama maboksi, akahesabu kwa midomo. "Mumeo hatazitafuta?"

"Zimemjazia stoo. Ataona amepata nafasi ya kupita."

"Na wewe unataka nini, mama?"

"Pesa taslimu, leo hii. Na nisiulizwe za nini."

"Mama Kolterman," Royce akasema kwa heshima ya kweli, labda ya kwanza maishani mwake, "wewe ni hatari."

"Mimi ni mweka hazina wa kinanda," akasema Verna.

Royce akacheka mpaka akakohoa. Alidhani ni utani. Kisha akafuta macho. "Zinafanya kazi?"

"Chukua yoyote, chomeka usikie."

Akachukua moja, akaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara ndani ya Buick, akaweka antena juu ya paa. Taa ya bluu ikawaka. Muziki ukaja, laini, kisha sauti ya binti: karibu, karibu sana.

"Sauti safi," akasema Royce kama mtaalamu. "Wala haikatiki."

Hapo Verna alisubiri. Alimpa muda wa kutosha kunyoosha kidole, kugeuza kitufe na kutafuta kituo cha pili. Royce hakugeuza. Alichomoa waya, akatia mkono mfukoni.

"Elfu mbili."

"Elfu mbili na mia nne, nami naongeza mikate ya mdalasini ya njiani."

Alilipa. Pesa za Duane, pesa za Merle, na mia mbili zake mwenyewe zilizokuwa za petroli. Mtu akiyapitia maneno ya Verna ya asubuhi ile, moja moja, hatakuta uongo. Kama kulikuwa na dhambi nyingine humo, aliipeleka mwenyewe mahali dhambi zinapopelekwa, na alipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida.

Royce akashika njia ya Denver, akila mikate.

Jumatano fundi wa kinanda alilipwa. Alasiri yake Merle alivuka uwanja wa mahakama na kuingia dukani kwa Duane, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nguruwe. Verna alikuwa nyuma ya kaunta.

"Verna," akasema, "mwambie shemeji..." Akanyamaza, maana neno lilikuwa limeshamtoka. Duane akawa ghafla na vumbi la kufuta. "Nilikuwa nauliza, ile elfu na mia mbili yangu?"

"Utaisikia Jumapili, kaka. Itakuwa kwenye sauti za chini za kinanda," akasema Verna.

Merle alikuwa bado amefungua mdomo mlango uliposukumwa. Royce Tillery akaingia na boksi kifuani, tai imepinda, haoni mtu mwingine ila Verna.

"Wewe mama! Hizi redio!"

"Zina nini, Bwana Tillery?"

"Zote! Za huyu na za yule! Zinasema kitu kimoja tu, nipige simu! Nimepiga! Wananidai deni la mtu wa ngano nisiyemjua! Nimefukuzwa maduka yote ya Denver!"

"Kwa hiyo umezilinganisha," akasema Verna. "Ipi inakatika sana?"

Merle akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Kwenye kiti cha pembeni, mtu aliyekuwa anasubiri gari lake lifungwe antena alishusha gazeti. Alikuwa Lyle Brandt, na nyota yake ya kazi kifuani.

"Kuna tatizo, bwana?"

Duane aliacha kufuta. Verna naye alikuwa na lake la kuficha. Maneno mawili tu ya huyu mtu, na mji mzima ungejua kopo lilikaa tupu kwa siku ngapi. Akakivuta kiti kilichokuwa nyuma ya kaunta, akakisogeza mbele ya Royce, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, Bwana Tillery," akasema. "Mweleze Lyle. Anza siku ile ulipofika mjini, na malori."

"Malori gani?" akauliza Lyle, akitafuta kalamu.

Royce alikitazama kile kiti. Aliitazama ile nyota. Akamtazama Verna, na Verna hakupepesa. Akaliweka boksi juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akanyoosha tai yake, akatoka.